Vumbi Tunalolipita



Katika shuhuda zinazotolewa makanisani mwetu kuna maneno yanayorudi mara kwa mara: "Namshukuru Mungu kwa ajili ya vita, maana bila vita nisingekuwa hivi nilivyo." Wengi huitikia Amina. Lakini pia yuko mama aliyezika watoto wake njiani, naye huinamisha kichwa anapoyasikia. Kwa hiyo tunajiuliza: je, ni haki kusema kwamba mabaya yaliyotupata ndiyo yaliyotuzaa?

Wako wanaojibu kwa mfano wa nyota. Husema: hata nyota huzaliwa gizani, ndani ya vumbi. Tuuangalie mfano huo vizuri, maana una ukweli ndani yake.

Sisi tuliotoka Bujumbura twalijua vumbi la kiangazi. Mwezi wa saba na wa nane, vumbi na moshi hufunika milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hata mgeni aweza kudhani kwamba ng'ambo hakuna kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, milima iko pale pale. Mbinguni ni vivyo hivyo. Katika ule mkanda mweupe wa nyota uitwao Njia ya Maziwa mna mabaka meusi. Mtaalamu William Herschel aliyadhania kuwa matundu, mahali pasipo na nyota. Mwanzoni mwa karne ya 20, picha za Mmarekani Edward Barnard zilisaidia kuonyesha kwamba ni mawingu ya gesi na vumbi yanayozificha nyota zilizo nyuma yake.

Mawingu hayo kwa sehemu kubwa ni gesi ya haidrojeni. Vumbi ni kama sehemu 1 tu katika 100 ya uzito wake, nalo ni chembe ndogo kama za moshi. Ndani yake mna baridi kali, nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Vumbi huzuia mwanga mkali wa nje, na katika baridi ile gesi huvutana na kujikusanya kwa uzito wake yenyewe. Inapozidi kubanana hupata joto, mpaka kiini chake kifikie nyuzi milioni 10 hivi. Hapo haidrojeni huanza kugeuka kuwa heliamu, na nyota imewaka. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hupokea mwanga usioonekana kwa macho, ambao hupenya vumbi. Kwa njia hiyo tumeonyeshwa nyota changa zikiwa bado ndani ya mawingu yao.

Basi ni kweli, nyota huzaliwa katika vumbi. Lakini sikilizeni habari ya Kilimia, lile kundi dogo ambalo jina lake latokana na kulima, na ambalo limetajwa katika kitabu cha Ayubu. Mwezi wa kumi na moja, jioni, huonekana likipanda juu ya milima ya mashariki ya Bujumbura. Macho huona nyota sita au saba, lakini ziko zaidi ya elfu moja. Zote zilizaliwa katika wingu moja, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Picha za darubini huonyesha vumbi la rangi ya samawati limezizunguka. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba hayo ni mabaki ya wingu lililozizaa. Walipopima mwendo wa nyota na mwendo wa vumbi, waliona haviendi pamoja. Wingu lililozizaa lilitoweka zamani. Vumbi hili ni jingine, nazo zinalipita tu.

Hapo ndipo tunapopata jibu letu. Si kila vumbi linalomzunguka mtu ndilo lililomzaa. Wengine wetu tulikimbia mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Lakini tulikuwa watu kabla ya kukimbia. Tulikuwa na baba na mama, na mashamba, na nyimbo, na imani. Hata mtoto aliyezaliwa hapa kambini hakuzaliwa na kambi, amezaliwa na wazazi. Tusimwambie kwamba vita ni mama yake.

Mtu atauliza: mbona mema mengi yamepatikana hapa? Ni kweli. Tumejifunza lugha, tumepata marafiki, wengine wamempata Mungu. Hatuyakatai. Lakini lile vumbi la Kilimia halina mwanga wake lenyewe. Rangi ile ya kupendeza ni mwanga wa nyota unaolipiga vumbi na kurudi kwetu. Vivyo hivyo, jirani aliyegawa posho yake na mgeni ndiye aliyeleta wema ule. Tukiishukuru vita, tunamnyang'anya jirani huyo shukrani zake.

Tena, Yusufu alipokutana na ndugu zake hakuliita shimo jambo jema. Aliwaambia wazi kwamba walimkusudia mabaya, na kwamba Mungu ndiye aliyekusudia mema. Kisha akawalisha. Alisamehe bila kusema uongo. Anayeliita baya kuwa jema hana tena la kusamehe, na yule mama aliyeinamisha kichwa anabaki peke yake na makaburi yake.

Basi, wapendwa, tunapotoa ushuhuda, tuchunge maneno yetu. Tumshukuru Mungu aliyekuwa pamoja nasi katika vita. Tuwataje kwa majina waliotupa maji na mahali pa kulala. Na watoto wakituuliza sisi ni nani, tuanze na habari za nyumbani, za babu na bibi zao, kabla ya kuwasimulia habari za vumbi hili tunalolipita.