Kati ya Wafu na Walio Hai

Soma Hesabu 16:41-50. Haruni alikimbilia wapi, na alikuwa na nini mkononi?

Kusanyiko lililokuwa likimnung'unikia Haruni lilianza kuanguka kwa tauni. Kibinadamu alikuwa na kila sababu ya kubaki hemani. Badala yake alichukua chetezo, akakimbia hadi katikati ya watu, akasimama kati ya waliokufa na waliokuwa wangali hai. Pigo lilipozuiliwa, watu 14,700 walikuwa wamekufa. Sasa linganisha na Mambo ya Walawi 13:45, 46, ambapo mgonjwa anaagizwa akae peke yake nje ya kambi. Mungu ni yuleyule, jangwa ni lilelile. Mmoja anaingia kwenye hatari, mwingine anatoka kambini, na wote wawili wanatii. Haruni alihatarisha nafsi yake mwenyewe. Yule mgonjwa, kama angebaki kambini, angehatarisha watoto wa wenzake.

Tofauti hiyo hutupotea mara nyingi. Mshiriki anayekataa tahadhari husema, "Mimi namtumaini Bwana, sina hofu." Ni ushuhuda mzuri, lakini nani alimwuliza habari za hofu yake? Tulikuwa tunauliza habari za jirani yake.

Sisi wa Mkoa wa Mara hatuhitaji mfano wa mbali. Mwaka 2023 kipindupindu kilizuka mkoani kwetu. Huu si ugonjwa wa kijiji kimoja: Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba dunia imo katika janga la saba la kipindupindu, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na halijaisha hadi leo. Vimelea vyake huingia kinywani kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu, lakini hutoa vimelea chooni kwa siku 1 hadi 10. Tafakari hapo. Mtu mwenye nguvu zake, aliyeimba kwaya Sabato asubuhi Musoma, anaweza kupeleka kifo msibani Butiama jioni bila kujua. Uzima wake haumhakikishii kwamba hana cha kumwambukiza mwingine.

Na msibani kuna lile beseni. Linazungushwa moja, na mtu wa arobaini ananawa maji ya thelathini na tisa waliomtangulia, kisha mikono yote inaelekea kwenye ugali. Mwenyeji akiweka ndoo yenye koki na sabuni, hawakosi wazee watakaoona wamedharauliwa. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Aliyejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukuta mfupi kuzunguka dari, kwa maana watu wa nyakati zile walikaa na hata kulala juu ya dari. Mwenye nyumba alijua mwisho wa dari lake uko wapi. Aliyeweza kuanguka kwa urahisi ni mgeni. Hakuambiwa aombe tu ili mtu asianguke (aombe pia, bila shaka). Aliambiwa ajenge, la sivyo damu iwe juu ya nyumba yake. Ndoo yenye koki ni ukuta wa dari. Maji ya kunywa yaliyochemshwa ni ukuta wa dari. Katika huduma ya kutawadhana miguu, kumwaga maji na kuweka mengine kwa kila jozi ni ukuta wa dari.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nami naliona zito zaidi: kutumia tahadhari kama kisingizio cha kumwacha mgonjwa. Mgonjwa wa kipindupindu akipata matibabu mapema, maji yenye chumvichumvi za kunywa au dripu, wanaokufa hawafiki 1 kati ya 100. Akiachwa, anaweza kufa kwa saa chache tu. Kwa hiyo jirani anayefunga mlango wake usiku, na mwenye pikipiki anayekataa kumpeleka mgonjwa kituoni Bunda, nao wanaamua jambo la uhai na mauti.

Soma Wafilipi 2:25-30. Epafrodito aliugua karibu kufa kwa sababu ya huduma yake. Je, Paulo anamkemea au anamheshimu?

Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, Uganda, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor hakukimbia. Wala hakuingia kwa wagonjwa kishujaa tu: alianzisha wodi ya kuwatenga, akasisitiza mavazi ya kinga kwa wahudumu wake. Hata hivyo aliambukizwa akiwa kazini, na alifariki 5 Desemba 2000. Alikubali kubeba hatari hiyo yeye mwenyewe, huku akifanya kila alichoweza isimfikie mwingine. Hayo mawili hayakugombana ndani yake.

Kwa majadiliano: Makambi ya mtaa wenu yanaanza kesho. Mama anayeongoza jiko ana mtoto aliyeharisha tangu jana, na hakuna mwingine aliyezoea kupikia watu 300. Anakuja kwako, mzee wa kanisa, kukuuliza kama aje. Utamjibu nini? Na usiku huu, nani katika darasa lenu atakwenda kukaa naye na mtoto, akiwa na sabuni na maji safi mkononi?