Upande Mtupu na Haki ya Kipimo

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Lakini daftari likishikwa na mashine, na mashine ikahesabu hata isichokiandika, haki hukaa wapi?

Chukulia mwalimu ashukaye Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara iendayo Arusha kutoka Moshi, kuchapisha mtihani wa kurasa 5 kwa wanafunzi 40. Kwa kubana matumizi, aomba uchapwe pande zote mbili za karatasi. Kila nakala hula karatasi 3 zenye pande 6, na upande wa sita hauna neno. Wino umegusa pande 200. Lakini zipo mashine ziupitishao upande mtupu kama ulioandikwa, na hesabu yake husoma 240. Bei ikiwa shilingi 100 kwa upande, mwalimu atadaiwa shilingi 4,000 za weupe. Haba na haba hujaza kibaba; hapa kibaba kimejazwa na kisichokuwapo.

Mwenye duka naye ana hoja. Mashine huchakaa kwa kuzunguka, si kwa maneno. Na kama ameikodi kwa malipo ya hesabu hiyohiyo, hana wa kumfidia. Hata hivyo, mteja achapishaye ukurasa mmoja, nyuma pakabaki peupe, hulipa shilingi 100, karatasi ikiwa ndani ya bei. Kwa nini karatasi ileile, na weupe uleule, vigharimu 200 kwa mwenziwe?

Wakulima waijua dhuluma hii kwa sura yake ya pili: lumbesa, gunia lililorundikwa kupita mdomo wake, kisha likalipiwa kama gunia moja. Huko kilichopo hakihesabiwi. Huku kisichopo chahesabiwa. Kinyume chake, anunuaye mkungu wa ndizi sokoni huuchukua pamoja na kikonyo kisicholiwa, wala halalamiki, kwani amekiona kabla ya kutoa fedha.

Basi kosa halimo katika utupu, bali katika kufichwa kwake. Mwenye duka aweza kuutoza akiutaja mapema, mteja akakubali au akaenda zake. Akinyamaza, asiisingizie mashine: yenyewe haina dhamiri, dhamiri ni ya aiendeshaye. Kipimo cha haki ni kile kionwacho na pande zote mbili.