Anza na Kibanja Chako



Ninyi wa Karagwe na Kyerwa mnaujua mnyauko wa migomba. Uliingia Kagera miaka ya 2000, ukamaliza vibanja vilivyokuwa vinalisha ukoo mzima. Dawa ya kupuliza hakuna. Ni kung'oa mgomba unaoumwa, kukata ua dume kwa kijiti, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Jirani mmoja akificha, jasho la wote limepotea.

Sasa fikiria wewe ndiye unaongoza vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazee wang'oe. Na kwenu, nyuma ya jiko, majani yameanza kuwa ya njano. Utanyamaza ili kulinda heshima?

Wengi tunadhani kiongozi wakati wa shida ni yule asiyeguswa. Hapana! Ni yule anayewaita wenzake na kusema, "Hata kwangu umefika, njooni tung'oe." Hapo na aliyekuwa anaficha anapata nguvu ya kusema. Yesu naye aliinama kwanza akaosha miguu, ndipo akawaagiza wanafunzi wafanye vivyo hivyo.

Je, katika kikundi chako, wewe unaficha mgomba gani?