Upepo wa Kinangop na Haki ya Kukataa

Mwanzoni mwa mwaka 2016, mradi wa umeme wa upepo uliokusudiwa kujengwa Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ulivunjwa kabla ya mtambo hata mmoja kusimama. Ulipangwa kuwa na mitambo 38 na kuzalisha megawati 60.8. Fedha zilikwisha kupatikana na mikataba ilikwisha kutiwa saini. Ridhaa ya wakazi ndiyo iliyokosekana. Waliandamana, wakafunga barabara, na mwaka 2015 mtu mmoja akapoteza maisha katika makabiliano na polisi. Mwaka uliofuata wawekezaji wakafunga virago.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaosema wakulima walijazwa uvumi na wanasiasa, wakafukuza maendeleo yaliyokuwa mlangoni. Wako wanaosema wanyonge walisimama wakawashinda wenye fedha. Masimulizi yote mawili yana wafuasi wake, na yote mawili yanaruka swali linalonisumbua mimi: mkazi anaposimama barazani na kusema ana wasiwasi, anatuambia nini hasa? Na sisi tusioishi jirani naye tunawajibika kumsikiliza kiasi gani, hata pale anapokosea?

Maana alikosea mahali. Kinangop watu walisema ng'ombe watapunguza maziwa na mimba zitaharibika. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaoonyesha kwamba mtambo wa upepo huharibu mimba, na ni vizuri jambo hilo lisemwe waziwazi, kwa heshima, na mtu anayeaminika. Lakini wasiwasi mwingine ulikuwa na msingi kabisa, na kosa kubwa la watu wa miradi ni kuuweka wote katika kapu moja lililoandikwa ujinga.

Chukua kivuli. Nyumba iko magharibi mwa mtambo. Jua likichomoza na kukaa nyuma ya mapanga yanayozunguka, kivuli cha kila panga huingia dirishani, kikapita ukutani, juu ya meza, juu ya daftari la mtoto anayemalizia kazi ya shule kabla ya kutoka, kikaondoka, kikaja kingine. Mtambo mkubwa huzunguka polepole ukiutazama kwa mbali, lakini kwa kuwa una mapanga matatu, kivuli hupita karibu mara moja kila sekunde. Mwanga wa chumba unapwita. Jambo hili halitokei mwaka mzima. Hutokea majuma fulani, saa fulani, kadiri jua linavyohama, na wahandisi wanaweza kukokotoa mapema ni siku zipi na dakika ngapi. Sauti nayo ina tabia yake. Usiku ardhi inapopoa, hewa ya chini hutulia kabisa, huku juu kwenye kilele cha nguzo upepo bado unavuma kwa nguvu. Ndiyo maana mtambo husumbua zaidi saa ambazo mkulima amelala na hakuna kelele nyingine ya kuufunika.

Hesabu ya dakika za kivuli inaweza kufanywa na mgeni mwenye kompyuta. Kuamua ni dakika ngapi zinavumilika katika nyumba ya mtu, hilo si suala la hesabu tena. Mgeni akija na jibu tayari, ameshamnyang'anya mwenye nyumba kitu kabla hajagusa hata inchi moja ya shamba lake.

Na shamba la Kinangop lina historia ndefu. Wamaasai walichunga pale hadi mkataba wa 1904 ulipowahamisha kupisha walowezi. Walowezi wakalima na kufuga pale kwa nusu karne. Kuelekea uhuru na baada yake, mashamba yale yakakatwa kuwa viwanja vya wakulima wadogo, wengi wao watu waliokuwa hawana ardhi, wakapewa kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo kutokana na maziwa, kabeji na viazi. Hatimiliki ikihifadhiwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, ujue nyuma yake kuna mzee aliyepangua madeni maisha yake yote. Mtu wa namna hiyo akimwona kijana mwenye ramani iliyotiwa alama za nukta nyekundu, nukta moja ikiwa juu ya shamba lake, hasikii habari za megawati. Anasikia mlango uleule uliowahi kufunguliwa mara mbili tatu na watu wenye ramani, na kila mara kuna waliotoka na wasirudi.

Kwa hiyo nasadiki kwamba usemi unaweza kuwa na makosa katika habari na ukawa na haki katika dai. Mama anaposema mimba zitaharibika, ndani ya maneno yake mna madai mawili. La kwanza ni la kitabibu, nalo linajibiwa kwa ushahidi. La pili linasema hivi: mwili wangu na watoto wangu wamo ndani ya hesabu hii, na hakuna aliyeniuliza. Hilo halijibiwi na daktari wala kijitabu chenye picha. Hujibiwa kwa kumpa nafasi ya kuamua, na kwa sababu nafasi hiyo ni ghali, wengi huona rahisi kulijibu dai la kwanza mara mia na kujifanya hawakulisikia la pili.

Tena kuna suala la jirani. Mwenye shamba lililochaguliwa hulipwa kodi ya ardhi kila mwaka. Ng'ambo ya ua, mwenzake hapati chochote, ila sauti anaisikia sawasawa na kivuli kinamfikia. Akilalamika huambiwa ana wivu. Neno hilo ni la kikatili, kwa sababu upepo ule umepita juu ya mashamba yote kabla ya kuligonga panga, na hakuna aliyeupanda wala kuupalilia. Kama utajiri umetoka kwenye kitu kisicho na mwenyewe, na mzigo umewaangukia wote, basi kuugawa utajiri huo kwa mipaka ya hatimiliki peke yake ni uamuzi wa watu, haukushuka na mvua. Uamuzi wa watu unaweza kuhojiwa.

Hapo ndipo maneno “mradi wa jamii” yanapohitaji kuchunguzwa. Jamii ni nani? Katika baraza la chifu wanakuja waliopata habari, wenye nauli, wasio na mgonjwa nyumbani. Mpangaji haitwi kwa sababu hana ardhi. Mke mara nyingi anawakilishwa na mume aliyeketi mstari wa mbele. Mfugaji yuko mbali na mifugo. Mwishoni karatasi ya mahudhurio inapitishwa, watu wanatia sahihi kuonyesha walikuwepo, na miezi baadaye sahihi zilezile zinatajwa ofisini kama ushahidi kwamba walikubali. Kuwepo na kukubali vimeunganishwa kimyakimya, na aliyekaa nyuma akinyamaza kwa kutoelewa amehesabiwa miongoni mwa walioridhia.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya, ya mwaka 2016, inajitahidi kuziba pengo hili: uwekezaji katika ardhi ya jamii unahitaji kuidhinishwa na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii hiyo. Ni kanuni nzuri. Lakini Kinangop ni ardhi ya watu binafsi, na jirani asiye na nukta nyekundu hana kura popote.

Kaunti ya Marsabit ilikuwa na ardhi ya jamii, na mambo yakaenda vingine. Mradi wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Ulizinduliwa Julai 2019, na umeme wake husafiri kilomita 428 hadi Suswa. Ardhi iliyotengwa ni ekari 150,000 za malisho ya Warendile, Wasamburu, Waturkana na wengineo. Mwaka 2021 mahakama ya ardhi na mazingira iliyoketi Meru iliamua kwamba hatimiliki za eneo lile zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Mitambo ilikuwa tayari inazunguka. Mahakama inaweza kutamka kwamba watu walipaswa kuulizwa; haiwezi kuirudisha siku ambayo jibu lao lingekuwa na maana.

Najua hoja iliyo upande wa pili, na sitaki kuipita juu juu. Taa ninayoandikia inawashwa na gridi hiyohiyo. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana vimeiwezesha Kenya kupata sehemu kubwa mno ya umeme wake bila kuchoma mafuta wala makaa, na ukame unaowaua ng'ombe wa Marsabit unachochewa na joto la dunia ambalo mitambo hii inakusudiwa kulipunguza. Lazima mtu fulani aishi karibu na chanzo cha umeme. Kila kijiji kikikataa, hospitali zitawasha nini? Anayekaa Nairobi akasifu kila upinzani wa wanakijiji, kisha akaudhika umeme ukikatika jioni moja, hajafikiri vya kutosha.

Hata hivyo, kumbuka Lamu. Mwaka 2019 baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa pale, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wapenda mazingira wengi walishangilia, nami nilifurahi. Sasa haki iliyowalinda wavuvi wa Lamu dhidi ya moshi ni hiyohiyo aliyoidai mkulima wa Kinangop. Huwezi kuitetea pale inapozuia usichokipenda, ukaizima pale inapochelewesha unachokipenda. Haki inayotegemea kama jibu limetufurahisha huwa imekwisha kuwa ruhusa, na ruhusa ina mwenye kuitoa na kuiondoa.

Rais Julius Nyerere wa Tanzania alieleza mwaka 1968, katika waraka wake kuhusu uhuru na maendeleo, kwamba mtu hawezi kuletewa maendeleo na mwingine, hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Miaka michache baadaye, serikali yake ileile iliwahamishia mamilioni ya watu vijijini, wengine kwa nguvu, baadhi wakiona nyumba zao za zamani zikichomwa. Silitaji hili kumshusha hadhi. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi kishawishi kilivyo kikubwa. Kama aliyeiona kanuni hii kwa uwazi kuliko wengi alishindwa kuisubiri, mhandisi mwenye tarehe ya mwisho ya mkopo atashindwa mara ngapi?

Kuna utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009 ambao huwa naurudia. Watafiti walikadiria kwa hesabu sauti ya mitambo inayofika majumbani na kuwauliza watu kama inawasumbua. Waliokuwa wakifaidika kifedha na mitambo hiyo, ingawa wengi wao waliishi karibu nayo zaidi, karibu hawakusumbuliwa kabisa. Msomaji wa haraka atasema fedha huziba masikio. Mimi nasoma vingine. Wengi wao walikuwa na kauli juu ya mitambo hiyo. Sauti ya kitu ulichokichagua, unachokijua kinafanya nini na ambacho una neno juu yake, huingia sikioni tofauti na sauti uliyowekewa. Usiku ukiwa mmoja na desibeli zikiwa zilezile, maana ndiyo inayotofautiana, na maana hiyo ndiyo inayomlaza mtu au kumnyima usingizi.

Wadenmaki walilielewa hili mapema. Mitambo 20 ya Middelgrunden, iliyosimamishwa baharini mbele ya Copenhagen mwaka 2000, nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Sheria yao ya mwaka 2008 iliwataka wawekezaji wa mitambo ya nchi kavu kuwauzia wakazi wa jirani angalau asilimia 20 ya umiliki. Sisemi tuinakili. Mkulima wa viazi hana akiba ya kununua hisa, na ushirika kwetu una majeraha yake. Lakini hata hapa nyumbani kuna dalili njema. Kipeto, kaunti ya Kajiado, penye mitambo 60, kuna watu waliowekwa kutazama anga mchana kutwa, na tai walio hatarini kutoweka wakikaribia, mtambo husimamishwa. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Na kama mtambo unaweza kusimamishwa kwa ajili ya tai, basi unaweza kusimamishwa pia zile dakika ambazo kivuli kinapita juu ya daftari la mtoto.

Upepo wa Kinangop bado unavuma, na bila shaka siku moja watakuja wengine na ramani mpya. Ninawaomba waje kabla nukta hazijawekwa. Wakae na mwenye shamba, na jirani yake, na mpangaji, na mama aliyesikia habari za mimba, wamjibu madai yake yote mawili. Waseme mapema nani atapata nini, mwaka hadi mwaka, na mtambo utasimamishwa na nani ukisumbua. Kisha waulize, wakiwa tayari kuambiwa hapana. Na wakiambiwa hapana, waondoke.