Udogo wa Kitu na Ukubwa wa Dhima

Huulizwa mara nyingi: mtu akitengeneza kitu, kisha mwengine akakitumia kwa uovu, je, yule wa kwanza ana dhima mbele ya Mola wake? Suala hili ni la kale, lakini zama zetu zimelirudisha kwa sura mpya, na mfano wake tunao hapa karibu na Nakuru.

Msafiri atokaye Naivasha, akiisha kupita Gilgil na kulikaribia ziwa la Elmenteita, hufika Kariandusi penye machimbo ya udongo mweupe. Udongo ule ni mabaki ya vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, ambavyo kila kimoja kilijijengea ganda la jinsi ya kioo, kikafa, kikazama katika ziwa la kale, tabaka juu ya tabaka. Watu huutumia kuchujia vinywaji, kutengenezea rangi na kuulia wadudu wa nafaka. Hayupo awezaye kuuharamisha.

Lakini udongo wa jinsi hiyo hiyo ndio alioutumia Alfred Nobel wa Uswidi. Yalikuwapo mafuta yaliyolipuka kwa mtikiso mdogo tu, na katika mlipuko wa mwaka 1864 mjini Stockholm alikufa mdogo wake, Emil. Nobel akayanywesha udongo, yakatulia, yakabebeka, na mwaka 1867 ikatoka baruti iitwayo dainamiti. Kilichomwokoa mchimba mawe kikamrahisishia kazi na muuaji.

Leo wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 wale wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza jinsi printa, mfano wa ile itiayo wino karatasini, iwezavyo kudondosha vitone vidogo mno vya vitu viwili, vikakutana vikawa kitu kiwakacho kwa nguvu, bila ya mkono wa mtu kuvichanganya. Faida yake si haba: katika gari la kisasa, kidonge kidogo cha namna ya baruti ndicho kianzacho kuufumua mfuko wa hewa umkingao dereva.

Hapa watu wamegawanyika. Wako wasemao kuwa kitu kidogo hivyo hakina hesabu. Hao wamesahau Suratu-Zilzala, nayo husomwa hata na watoto wa chuoni. Wako na wasemao kuwa elimu hii ifungwe kabisa. Hao nao wangalimnyima mchimba mawe riziki yake, na dereva kinga yake.

Wanavyuoni wetu walikwisha kuieleza njia ya kati. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kumuuzia zabibu mtu amjuaye, au amdhaniaye kwa dhana yenye nguvu, kuwa atazifanya ulevi, ametenda haramu. Na akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Zabibu ni zile zile, uchache wake au wingi wake haukutazamwa. Kilichotazamwa ni yale ayajuayo mtoaji juu ya mpokeaji.

Sheria ya Kenya kuhusu baruti nayo yataka kibali kwa mwenye kuinunua na kuitumia. Lakini ghala lina mlango na kufuli, maarifa hayana. Kwa hiyo dhima iliyokuwa juu ya mwenye ghala sasa yamfikia mwalimu, mwandishi, na kila mwenye kupokeza maarifa hayo.

Ndugu msomaji, tukumbuke Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, walipouawa watu zaidi ya 200, wengi wao wapita njia, na Waislamu wakiwamo. Tukumbuke na Kikambala, Novemba 2002, hapo pwani kwetu. Maovu kama hayo hayatendwi na mkono mmoja. Huyu hufundisha, yule huuza, mwengine huchukua mzigo, mwengine hupangisha nyumba. Na yeyote kati yao aliyejua, akasema sehemu yangu ni ndogo, amejidanganya. Dhambi kubwa hujengwa kama udongo wa Kariandusi: chembe juu ya chembe, hata ikawa mlima.

Basi tuwasomeshe vijana wetu kemia bila ya hofu, kwani ujinga haukupata kumkinga mtu. Lakini pamoja na jinsi kitu kifanywavyo, tuwafunze na suali hili: ni nani akitakaye, na kwa ajili gani? Asiyeweza kulijibu, na azuie mkono wake.

Wabillahi tawfiki.