Walikufa, Waliuawa, Waliuana: Mwaka 1994 na Vitenzi Vyake

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, magazeti na redio huorodhesha mabaya makubwa yaliyoikumba dunia. Mwaka 1994 waorodheshaji hawakukosa la kuandika. Tarehe 17 Januari tetemeko la ardhi lilipiga Northridge, karibu na Los Angeles. Tarehe 5 Februari kombora liliua watu 68 katika soko la Markale mjini Sarajevo. Kuanzia Aprili hadi Julai ikawa Rwanda. Tarehe 18 Julai bomu lilibomoa jengo la jumuiya ya Wayahudi mjini Buenos Aires na kuua watu 85, na siku hizohizo kipindupindu kikazuka Goma. Usiku wa kuamkia 28 Septemba meli iitwayo Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki, na watu 852 wakapoteza maisha.

Orodha ya namna hii ina wema wake, kwa kuwa inakataa kusahau. Ila kwa kuyapanga mambo kwa ukubwa wa idadi, huliweka tetemeko na panga katika safu moja, kana kwamba yote mawili yametoka mbinguni. Kiswahili hakikubali hilo kwa urahisi. Mzungumzaji hulazimika kuchagua kitenzi: wa Northridge walikufa, wa Markale waliuawa. Damu iliyomwagika yaweza kuwa imemwagika yenyewe. Damu iliyomwagwa inamngoja aliyeimwaga, hata kama sentensi imekoma kabla ya kumtaja. Ipo pia kauli ya kutendana, waliuana, na hiyo ndiyo iliyowadhulumu waliokufa Rwanda kuliko nyingine zote.

"Wanyarwanda waliuana." Ni sentensi fupi, haina kosa la sarufi, na husemwa hata na watu wenye huruma. Kiambishi kile kidogo cha -ana hugawa tendo nusu kwa nusu: kila mmoja muuaji, kila mmoja muuawa, basi hapana wa kuulizwa. Yaliyotokea hayakuwa hivyo. Baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa Kigali usiku wa 6 Aprili, vizuizi viliwekwa barabarani, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vikakaguliwa, redio ya RTLM ikachochea, na wanamgambo wa Interahamwe, pamoja na askari na majirani, wakawaua Watutsi na Wahutu waliopinga siasa hiyo. Kwa takriban siku 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kati ya nusu milioni na milioni moja. Vita navyo vilikuwepo, na vitani watu hupigana. Wapiganaji wa RPF waliua raia pia, na marehemu hao wana haki ya kitenzi chao. Lakini mtoto aliyejificha kanisani hakuwa akiuana na mtu.

Wauaji wenyewe walilijua vyema jambo la maneno. Kuua walikuita kazi. Kwa Kinyarwanda ni akazi, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Neno ambalo lugha hizi mbili ndugu hulitumia kumsifu mtu mwenye bidii lilitumika kuwaita wanavijiji asubuhi, wachukue mapanga.

Wanadiplomasia nao walichagua maneno yao kwa uangalifu uleule, ingawa kwa sababu nyingine. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912, lililopunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Mwezi Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alikuwa tayari kukiri "vitendo vya kimbari" huku akikwepa kusema kwamba ni mauaji ya kimbari. Mkataba wa 1948 unazitaka nchi wanachama kuyazuia mauaji hayo, na aliyekwepa jina alikuwa akikwepa wajibu uliofungamana nalo. Kimbari ni neno lenye mbari ndani yake, yaani ukoo. Aliyelisikia kwa Kiswahili angejua papo hapo nini kilikuwa kikikatwa.

Mto Kagera haukuwa na msemaji. Uliichukua miili hadi Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, pamoja na wenzao wa mialo mingine, wakawaopoa na kuwazika watu wasiowajua majina. Hawakungoja azimio. Mwili uliofungwa mikono haukufa maji, na hilo mvuvi hahitaji kuelezwa.

Goma ndiko palipokuwa pagumu zaidi. Katikati ya Julai takriban watu milioni moja walivuka mpaka kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Kamera ambazo wengi walizikosa mwezi Aprili zilifika kwa wingi. Hapo kitenzi sahihi kilikuwa walikufa, na huruma iliyomiminika ilikuwa huruma ya haki. Hata hivyo, ndani ya mahema yale walikuwamo walioua, na baadhi yao ndio waliosimamia mgao wa chakula. Mwezi Novemba tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini kwa sababu hiyo. Aliyesema kipindupindu kilikuwa adhabu alikosea vibaya, maana mtoto harithi panga la baba. Aliyekosea pia ni yule aliyefunika yote, ya Aprili na ya Julai, kwa shuka moja iitwayo janga la Rwanda. Mtu aweza kumlilia maiti wa Goma na bado akauliza ni nani aliyempita kizuizini miezi mitatu kabla.

(Hata "ilizama" ya Estonia si neno lisilo na hatia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1997 ulikuta kwamba vifungo vya mlango wa mbele wa meli vilikuwa dhaifu mno kwa mawimbi ya usiku ule, na vifungo huwa na waliovichora.)

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza lilelile la Usalama liliunda mahakama, ambayo baadaye iliwekwa Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na sentensi za hukumu hiyo zilikuwa na mtendaji, jina lake na cheo chake. Ubakaji haukuwamo katika mashtaka ya awali. Uliingia baada ya wanawake wa Taba kusimama kizimbani na kuyasema waliyotendewa, na mahakama ikaamua kwamba nao ulikuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Orodha za mwisho wa mwaka 1994 zilikuwa zimefungwa karibu miaka minne kabla, na kitenzi hicho hakikuhesabiwa ndani yake.