Mtumbwi usio na mama

Siku moja ya kiangazi cha 2017, mzee mmoja jirani yetu, mvuvi tangu ujana wake, aliingia katika parsele yetu ya Uvira. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumeinama juu ya vipande vya tripleksi, tukivishona kwa waya wa shaba kama vile fundi cherehani anavyoshona nguo. Mzee alikizunguka kile chombo mara mbili bila neno. Kisha akasema: «Mwalimu, hii mutumbu yenu haina mama.» Tulicheka. Yeye hakucheka. Alituaga, akaenda zake.

Ndugu msomaji, neno lile limekaa ndani yangu tangu ile siku, na leo nataka kulichunguza mbele yenu, kwa sababu naona lina swali la maana kuliko lile la «mila inapotea» ambalo tunalirudilia kila mara. Swali lenyewe ni hili: mtu anayejenga chombo kwake nyumbani, chombo ambacho wengine watakipanda usiku katikati ya ziwa, anadaiwa nini na wale watu?

Tuanze na mama. Kwa mzee yule mama wa mtumbwi ni mti. Babu yangu mzaa mama, mtu wa milima ya Fizi, alikuwaka anatusimulia namna ilivyofanyika. Mti ulichaguliwa mbali na ziwa, hasa mvule, ambao wengi huku kwetu wanauita muvula. Kabla ya kuukata, fundi aligonga shina kwa mgongo wa shoka na kutega sikio. Mti uliooza moyoni unasema namna nyingine. Kisha ilipasa kuomba ruhusa kwa wenye udongo, kutoa kitu, na kungoja jibu. Baadaye lilikuja shoka, likaja tezo, ukaja moto. Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuukokota mtumbwi kutoka mlimani mpaka majini. Hapo hapakuwa na ujanja: vijana wa kijiji kizima walivuta kamba, wamama walipika, pombe ilinywewa, na kila mtu aliona kile chombo ndani na nje, kwa sababu alikuwa amekishika kwa mikono yake miwili. Hakuna mtu aliyeweza kujenga mtumbwi kwa siri.

Na mitumbwi ile haikuwa midogo. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 na kuvuka mpaka Uvira kutafuta habari ya mto Rusizi, walisafiri katika mitumbwi ya mti mmoja, na wasafiri wa karne ile waliandika kwamba mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilitoka katika misitu ya Ugoma, upande wetu huu wa magharibi. Kisha miti minene ikawa haba, na watu wakaingia katika mitumbwi ya mbao, ile ambayo viungo vyake vinazibwa kwa pamba iliyoloweshwa katika mafuta ya mawese. Hiyo ndiyo wengi wetu tumeikuta.

Sasa huu mtumbwi wetu wa tripleksi. Bamba moja lina mita 2,44 kwa mita 1,22. Ukitaka chombo cha mita sita lazima uunganishe mabamba, na kiungo kinachongwa kwa mteremko ulio mrefu mara nane ya unene wa bamba: kwa tripleksi ya milimita 9, mteremko wa sentimita 7 na kidogo. (Nililipa darasa la tatu hesabu hii, na kwa mara ya kwanza hakuna mwanafunzi aliyeniuliza uwiano unasaidia nini katika maisha.) Unakata mbavu na kitako kufuatana na mchoro, unatoboa matundu pembeni, unashona kwa waya, na chombo kinajikunja chenyewe kuwa na umbo. Ni ajabu kuona. Kisha unachanganya rezini na unga wa mbao, unajaza kona za ndani na kuzilainisha kwa mgongo wa kijiko, unabandika utepe wa nyuzi za kioo, na mwishowe unavika nje yote nguo ya nyuzi hizo na kuinywesha rezini mpaka ionekane kama maji. Rezini inatiwa dawa ya kuigandisha, kidogo tu, na kipimo chake si mchezo. Siku ya joto tuliacha kopo limejaa juani, likaanza kutoa moshi lenyewe, na shemeji akalitupa nje ya ukuta. Harufu ilikaa siku nyingi. Jirani mwenye mtoto mchanga alikuja kulalamika, na alikuwa na haki: moshi wa ile dawa si mzuri kwa mapafu ya mtu, na vumbi la kioo linawasha ngozi usiku kucha.

Kuhusu tripleksi yenyewe, kuna ile ya kutengeneza dari na ile inayostahimili maji, na machoni zinafanana. Sisi tulikata kipande, tukakichemsha katika sufuria saa nyingi. Kikifunguka kama kitabu, kirudishe dukani. Ile nzuri mara nyingi inatokana na okoumé, mti wa Gabon na nchi za jirani. Kwa hiyo, kusema kweli, mtumbwi wetu ulikuwa na mama. Ila mama huyu aliishi mbali, na hakuna mtu wa kwetu aliyegonga shina lake.

Je, chombo cha namna hii ni cha mila yetu? Swali hili sitalikalia sana. Meli Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na ilipoanza tena kusafiri mwaka 1927 ikawa ya ziwa kama mto Lukuga ulivyo wa ziwa. Na ndugu zetu wa Bukavu na Goma wanaojisifu kwa uvuvi wa sambaza, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na nyimbo za wavuvi usiku: sambaza ililetwa Kivu kutoka Tanganyika yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mikalitusi wanayotumia ilitoka Australia. Hiyo ni mila, na nzuri, lakini kuna wazee walioizidi umri. Basi mtu asituambie kwamba kitu si chetu kwa sababu kimekuja na mfuko wa duka.

Shida iko mahali pengine.

Mtumbwi wa mbao ukiwa mgonjwa unasema. Maji yanaingia, unayaona. Pamba inatoka, unaishika. Ubao uliooza unaingiza kisu. Mnunuzi anainama, anabonyeza kwa kidole, anaona. Mtumbwi uliovikwa kioo unafunikwa ngozi ngumu, na juu ya ngozi unapakwa rangi ya buluu, na unang'aa. Chini ya ngozi mbao inaweza kuoza mwaka mzima bila mtu kujua. Na rezini tuliyoipata sisi kutoka Bujumbura ilikuwa polyester, ile wanayotumia kuziba mabati ya magari. Bei yake ni nafuu, lakini haishikamani sana na mbao. Epoksi inashika vizuri zaidi, ila mfuko wa mwalimu haukuifikia. Tundu moja la msumari lisilozibwa linatosha: maji yanapita, ngozi inaachana na mbao, na kinachobaki ni ganda juu ya uoza.

Ndivyo ilivyotupata. Mwaka 2019, baada ya mvua, nilikuwa naosha mtumbwi, nikagonga kwa vidole karibu na ubao wa motere. Mahali pote palilia «ko, ko». Pale palilia «pu». Tulikuwa tumekwisha kupata mnunuzi, kijana mvuvi wa pwani ya kusini mwa mji, na alikuwa ametoa avansi. Shemeji alinitazama. Akasema: «Tupake rangi tu, mwalimu. Atakuja juma lijalo.»

Sitaki kumfanya shemeji kuwa mtu mbaya, maana hoja zake zilikuwa hoja za watu wengi wema. Alisema: mnunuzi ana macho yake, na mtu mzima hanunui mbuzi ndani ya gunia. Alisema: hatujui hata kama pameoza, labda ni upepo tu chini ya ngozi. Alisema: kila mtumbwi utaoza siku moja, na hakuna muuzaji anayeapa. Halafu akasema lile ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: «Minervali ya watoto wako mwenyewe inatoka humo.» Ni kweli. Na mwalimu wa Kongo akisikia neno minervali hana ukali tena.

Nililala nalo. Asubuhi niliona kwamba hoja ya kwanza ndiyo inayobeba zingine, na ndiyo iliyovunjika. Mnunuzi ana macho, sawa. Lakini macho yake nani ameyafunika? Sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tabaka juu ya tabaka. Anayeuza mtumbwi wa mbao akinyamaza, ukimya wake ni mdogo, kwa sababu chombo chenyewe kinaongea badala yake. Sisi tumekinyamazisha chombo. Tukinyamaza na sisi, hakuna tena anayesema mahali popote. Kwa hiyo naona kwamba mtu anayefunika anachukua deni la kuona: alichomnyima mwenzake kukiona, anapaswa kukiona kwa niaba yake na kukisema. Ukitaka kunyamaza, acha mbao wazi.

Kule ISP tulifundishwa Kant, kwamba ujiulize itakuwaje kama kila mtu akifanya hivyo. Ni njia nzuri, lakini nakiri kwamba usiku ule haikunisaidia. Kila mtu anafanya hivyo tayari, na soko linaendelea. Kilichonisaidia ni kumwaza yule kijana yuko mbali na pwani, saa nane za usiku, taa zimewashwa juu ya ndagala, pepo za kusini zinaanza, na mimi nimelala kitandani nikijua kitu ambacho yeye hajui juu ya ubao ulio mgongoni pake.

Na hapa niseme jambo lisilopendeza kwetu sisi walimu. Bulteni yenye pointi nzuri ambazo mtoto hakuzipata, kwa sababu baba yake ni rafiki au kwa sababu shule inataka sifa, ni rangi ya buluu ile ile. Mzazi hawezi tena kubonyeza kwa kidole. Nimezitoa bulteni za namna hiyo, si mara moja.

Nilimwendea mzee nikamuuliza alitaka kusema nini na habari ya mama. Nilifikiri ataniambia juu ya mizimu ya msitu. Akajibu: «Mama njo mutu banaendaka kumuuliza kama mutoto amekosa. Hii yenu, ikikosa, batauliza nani? Duka?» Alieleza kwamba zamani kila mtumbwi ulijulikana ulikatwa wapi, na nani, na waliouvuta walikuwepo bado. Hata fundi hakuweza kujificha, maana shina lilikuwa limegongwa mbele ya watu. Sisi tulijenga nyuma ya ukuta, wawili tu, bila shahidi.

Hivi kazi ya nyumbani siyo mbaya kwa kuwa ni ya nyumbani. Inampa mtu asiye na mali chombo, inaokoa mivule michache iliyobaki. Lakini inaondoa mashahidi, na anayewaondoa mashahidi abaki yeye shahidi.

Deni hili linafika wapi? Hapo sina uhakika. Mti mzima ukijaa maji bado unaelea. Kioo na motere vinashuka chini. Ndiyo maana tulifunga bidoni tupu za lita 20 chini ya viti, zenye vifuniko vilivyokazwa, na nilimwonyesha kijana kila moja. Je, akizitoa bidoni ili apate nafasi ya mifuko ya unga, ni juu yangu? Akipakia abiria mara mbili ya nilivyomwambia? Shemeji anasema hapana, imekwisha. Mimi nasema hapana pia, lakini sauti yangu ni ndogo kuliko yake.

Tulikata pale palipolia «pu». Uoza ulikuwa na upana wa sahani ya kulia, mweusi, laini kama ugali wa jana, na ulianzia katika tundu la bulonji. Tulichonga mpaka mbao nzima, tukakausha wiki tatu, tukatia kiraka na kuziba matundu yote upya. Kijana alipokuja tulimwonyesha kiraka kabla hatujakipaka rangi. Alikasirika kwa kukawishwa, akashusha bei, tukakubali. Ile robo ya mwaka minervali ilichelewa kwa watoto wawili.

Siku alipokuja kuuchukua, mzee alikuwepo. Aliinama, akaanza kugonga kwa vifundo vya vidole kutoka mbele kwenda nyuma, polepole, sikio limekaribia rangi, kama babu alivyosimulia juu ya shina la muvula. Alipofika karibu na motere alisimama, akaniangalia. «Hapa?» «Hapo, mzee. Hapo ndipo tulikata.» Aligonga tena mara mbili, kisha akaendelea na upande wa pili.